Barua ya Chumba cha Tatu

"Baba Adela, hii barua umeitoa wapi?"

Felisian alikuwa amechuchumaa mlangoni akipepea jiko la mkaa. Hakugeuka.

"Barua gani?"

"Ya kwenye mchezo. Chumba cha tatu. Ile iliyochanwa vipande kumi na viwili."

"Aa, hiyo. Nimetunga tu. Si unajua mchezo bila barua iliyochanwa haujawa mchezo?"

Winifrida alijua, tena sana. Mumewe alikuwa akiiandikia hadithi kampuni moja ndogo ya Dar es Salaam inayotengeneza michezo ya simu, ile ya kutafuta vitu vilivyofichwa. Unaingia kwenye chumba kilichojaa makorokoro, unaambiwa tafuta sindano, tafuta kengele, tafuta ufunguo wenye umbo la samaki, na ukimaliza mlango unafunguka. Mfululizo wao uliitwa Nyumba za Ziwani, na huu ulikuwa wa sita. Mitano yote iliyotangulia, mchezaji wa kwanza alikuwa Winifrida mwenyewe, mwalimu wa Kiswahili, daftari pajani akiandika makosa. Taratibu zake alikuwa amezishika kama sala. Mwanzoni lazima mtu apotee. Mpelelezi lazima afike mvua inanyesha, na gari limfie getini. Anayekupokea kwa ukarimu na kukumiminia chai ndiye mwovu. Mpelelezi hasemi neno toka mwanzo hadi mwisho. Na mwovu akishabanwa, anasimama na kueleza kwa kirefu kwa nini alifanya aliyoyafanya, na sababu yake siku zote ni ya kutia huruma.

Ilikuwa Jumapili mchana, wametoka misa ya pili. Upepo wa Juni ulikuwa ukipiga mabati ya Sumbawanga kama mtu anayedai kufunguliwa. Adela, binti yao wa miaka mitatu, alikuwa amelala chini ya blanketi mbili. Winifrida akalivuta sweta lake, akaisoma barua ile kwa sauti:

"'Mwalimu wangu wa zamu. Najua umenikasirikia, na namba yangu umeizuia. Jumamosi nitakungoja stendi ya Mbeya, tangu basi la kwanza la Sumbawanga mpaka la mwisho. Ukija tutafunga ndoa, baba atake asitake. Usipokuja nitajua umechoka, na sitakusumbua tena.'"

Kipepeo cha jiko kikasimama.

"Mwalimu wa zamu," Winifrida akarudia. "Duniani kuna mtu mmoja tu aliyewahi kuniita hivyo. Na hakuniita mbele za watu, kwa sababu nilimkataza."

"Wini..."

"Usiniite Wini. Hii barua aliandika Andwele?"

Felisian akageuka. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshtuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyetembea na mzigo kutwa nzima na sasa ameambiwa atue.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Wiki ile ile aliyoondoka. Alinipa mimi nikuletee."

Winifrida akakaa kwenye stuli. Miaka saba. Andwele, mpima ardhi kutoka Tukuyu, alikuwa amekwisha kwenda Chala, kijijini kwao Winifrida, kujitambulisha kwa mama mkwe. Kisha wakagombana, kwa sababu baba yake Andwele hakutaka mwanawe aoe Ufipani na Andwele alikuwa anababaika. Winifrida akaizuia namba yake wiki nzima. Alipoifungua, mtu hakuwepo tena hewani. Ofisini kwake wakasema amehama. Miaka miwili akawa anatembea na swali moja: mtu anawezaje kuondoka bila hata kuaga? Na aliyekuja kukaa naye barazani siku zile, akamletea mkaa, akamsikiliza akilia bila kumkatisha, alikuwa Felisian, rafiki wa wote wawili.

"Kaa chini," alimwambia. "Kila mchezo wenu ukiisha mnaweka sura ya nyongeza, ya yale yaliyotokea kabla. Nataka sura hiyo. Yote."

Felisian akakaa pale pale mlangoni, magoti juu.

"Nilikupenda kabla yake. Alikuja chumbani kwangu Alhamisi, akanipa bahasha, hata hakuigundisha. Akasema, mshikaji, Winifrida anakusikiliza wewe. Nikaisoma. Nikasema nitakupa kesho. Ijumaa nikakukuta macho yamevimba, nikasema nitakupa jioni. Jioni nikasema alfajiri, utawahi basi. Jumamosi nikakaa kitandani mpaka jua likazama. Halafu nikaichoma."

"Kwa hiyo hukuamua. Ilitokea tu."

"Hapana. Niliamua. Siku tatu mfululizo, kila saa nilikuwa naamua."

"Miaka saba, Felisian. Mitano nikiwa kitandani kwako. Ulikuwa uniambie lini?"

"Sijui."

"Na kwenye mchezo umeiwekea nini?"

"Nilikwama. Walitaka barua itakayomuumiza mchezaji. Nikakaa mezani, hiyo ndiyo iliyokuja, neno kwa neno. Nikajua wewe ndiye utakayeicheza kwanza. Nadhani nilitaka unikamate."

"Unadhani?"

"Nilitaka."

Winifrida akacheka kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Kila mwovu wako ana sababu ya kutia huruma. Miaka yote nakuandikia kwenye daftari, punguza, watu wamezichoka. Mpelelezi wenu anasikiliza tu, hafungui mdomo. Leo mimi nafungua. Padri aliniuliza mbele ya watu wote, Winifrida, umekuja hapa kwa hiari yako? Nikajibu kwa sauti mpaka mama akaona haya. Hiari gani ile? Nilichaguaje mtu wakati mwingine alifichwa nisimwone?"

"Hukuchagua. Nilikunyima."

"Afadhali umekiri. Na hiyo barua iondoe humo. Haikuwa yako siku ile, si yako leo."

Asubuhi yake akamfunga Adela mgongoni, akabeba begi moja, akapanda Noah ya abiria ya kwenda Chala. Felisian alisimama barabarani mikono imemning'inia. Hakumzuia. Lile nalo lilimuuma Winifrida, ingawa angemzuia pia angeumia.

Mama yake, Bi Justa, alimpokea begi. Alingoja mtoto anywe uji kwanza.

"Amekupiga?"

"Hapana, mama."

"Ana mwanamke?"

"Hapana."

"Sasa?"

Winifrida akamsimulia. Bi Justa akasikiliza hadi mwisho, akajifunga khanga upya.

"Angekuwa na mwanamke ningejua la kukuambia," alisema. "Hili sijui, mwanangu. Lala upumzike."

Akalala. Alilala kama mgonjwa, mchana na jioni, akiamka kula na kumwosha mtoto. Shule ilikuwa imefungwa, hakuna aliyemdai kitu. Adela alikuwa akiuliza kila asubuhi, "Baba anakuja lini?" naye akajibu, "Ana kazi," mpaka neno lile likamchosha.

Siku ya nne ujumbe ukaingia kwenye simu.

"Nimetafuta namba ya Andwele kwa watu wa ofisi yake ya zamani. Hii hapa chini. Si lazima unijibu."

Aliusoma mara nne. Mwanaume aliyeficha barua sasa ameileta namba, hata hajaulizwa. Akatoka nyuma ya nyumba, kwenye mabua ya mahindi yaliyokwisha vunwa, akapiga kabla moyo haujageuka.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Winifrida. Wa Sumbawanga."

Kwa muda akasikia tu sauti za watoto wakigombea kitu upande wa pili, kisha mlango ukifungwa.

"Mwalimu," Andwele akasema polepole.

"Barua yako haikunifikia. Nimejua Jumapili iliyopita tu kwamba iliandikwa."

"Felisian?"

"Ndiyo. Aliichoma."

Pumzi ndefu. "Nilikungoja siku mbili, unajua? Jumamosi basi la mwisho lilipoingia nikasema, kesho ni Jumapili, labda kaenda misa kwanza. Nikarudi stendi Jumapili."

Winifrida akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nikuulize kitu kimoja," Andwele akaendelea. "Ungeipata, ungekuja?"

Alitaka kusema ndiyo. Ndilo jibu ambalo yeyote angelitegemea. Lakini alimkumbuka yule msichana wa siku zile, hasira zake, kiburi chake.

"Sijui, Andwele. Nilikuwa nimekukasirikia sana. Sijui na sitajua kamwe. Hapo ndipo aliponiibia."

"Mimi nimeoa. Anaitwa Atusaye. Tuna watoto wawili."

"Sikukupigia kwa hilo."

"Najua. Sauti yako imechoka. Nilisikia Felisian ndiye aliyekuoa. Anakutunza vizuri?"

"Ananitunza. Hata namba yako kanipa yeye."

Andwele akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mzima aliyekwisha lizika jambo halafu wakalifukua. "Basi mwambie nimesikia. Kusamehe bado. Ila nimesikia."

Simu ilipokatika Winifrida akalia palepale kwenye mabua. Hakumlilia Andwele. Alijichunguza vizuri, hakuona ndani mwake anapomtaka. Alimlilia binti yule aliyekaa miaka miwili akijiuliza ana kasoro gani hata akaachwa bila kuagwa.

Jumamosi mchana pikipiki ikasimama mbele ya nyumba. Felisian akashuka, vumbi hadi kwenye nyusi. Adela akapiga kelele "Baba!" akamrukia, naye akambeba akamficha uso begani, muda mrefu kuliko kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bi Justa akajibu bila kuinuka.

"Mama, kabla sijaongea na mwenzangu, nina la kukuambia kwa mdomo wangu."

Akamweleza yote, amesimama juani. Hakujipunguzia. Alipofika pale pa kuichoma barua, Winifrida aliona mkono wa mama yake ukikamata ukingo wa kigoda.

"Umekula ugali wangu miaka mitano, kijana," Bi Justa akasema. "Siku ile ya posa nilikuuliza, huyu wa mwanzo alimwacha kwa nini? Ukaniangalia machoni ukasema hujui."

"Nilikudanganya, mama."

"Ulinidanganya." Bi Justa akamchukua Adela, akaingia naye ndani.

Wakabaki wawili. Felisian hakusogea karibu.

"Barua nimeitoa," alisema. "Walilalamika, wakasema ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Nikawaambia si yangu."

"Umekuja kunichukua?"

"Hapana. Nimekuja kukuuliza. Siku ile uliposema ndiyo hukuwa unajua. Sasa unajua kila kitu, hata namba yake unayo. Mimi ndiye huyu. Unanitaka?"

"Nikisema hapana?"

"Nitaondoka. Nikiulizwa na yeyote, na padri pia, nitasema kosa ni langu. Adela nitakuja kumwona utakaponiruhusu."

Winifrida akamtazama. Shati halijapigwa pasi. Viatu vya misa, vumbi tupu. Alimjua mtu huyu kuliko alivyowahi kumjua yeyote. Alijua anavyokohoa, anavyoogopa radi, anavyoamka kabla yake kupasha maji ya mtoto. Na alijua sasa kwamba mtu huyo huyo aliweza kukaa kitandani Jumamosi nzima, jua likitembea, mwenzake akingoja stendi. Wote wawili walikuwa Felisian mmoja. Hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwamba hangeweza kumchukua nusu.

"Sina jibu leo."

"Nitangoja."

"Usinitumie ujumbe wa kunilainisha."

"Situmi."

"Na usifunge."

Akashangaa. "Nisifunge nini?"

"Kula. Ninakujua. Ukiwa na mawazo huli."

Felisian akainamisha kichwa kuficha macho, akarudi kwenye pikipiki yake.

Siku zikapita. Hakutuma kitu. Winifrida alisaidia kupepeta maharage, alikwenda misa, alikaa uani akiota jua la asubuhi kama bibi kizee. Alikuwa akidhani uamuzi utamjia kama mlango unavyofunguka ukishapata kipande chake cha mwisho. Haukuja hivyo. Kila asubuhi aliamka akiwa na hasira, na kila asubuhi, baada ya hasira, akajikuta anataka kumwambia Felisian jambo: kwamba Adela amejifunza kuhesabu hadi ishirini kwa Kifipa, kwamba jirani kauza mbuzi halafu akamlilia. Hakuwa na mwingine wa kumwambia, wala hakumtaka mwingine.

"Mama," alisema jioni moja, "mtu anaweza kurudi kabla hajasamehe?"

Bi Justa akafikiri. "Mimi na marehemu baba yako tulikaa hivyo mwaka mzima, wewe ukiwa tumboni."

"Kwa kosa gani?"

"Hilo ni langu na lake. Ila nilikaa kwa sababu nilitaka kukaa. Ningekaa kwa kuogopa watu, ningemwekea sumu." Akacheka, mabega yakitikisika. Winifrida naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Siku ya kumi na moja tangu Felisian aondoke, asubuhi ya Jumatano, Winifrida akaandika ujumbe, akaufuta, akauandika tena:

"Shule inafunguliwa Jumatatu. Njoo Jumamosi na pikapu ya jirani yetu Christopha, mama ametupatia gunia la maharage na majogoo wawili. Bado sijakusamehe. Ila nimekuchagua, na safari hii najua ninachokichagua. Nikichoka nitakuambia, na wewe usinifiche tena hata habari ya mvua."

Jibu likachukua karibu nusu saa.

"Nakuja. Nilimpigia Andwele jana. Alinitukana, halafu akanisikiliza. Nakuambia ili usije ukasikia kwa mwingine."

Jumamosi pikapu ikafika saa tano. Felisian akashuka, akamwamkia mama mkwe, mama mkwe akaitikia na kumwonyesha gunia lilipo. Winifrida alikuwa amekwisha jifunga kitenge cha safari, mtoto mkononi. Walisalimiana kama watu waliokutana jana, kwa sauti ya chini.

"Umelala vizuri?" Felisian akauliza.

"Sikulala. Na wewe?"

"Sikulala."

"Basi wafunge hao majogoo miguu, wasije wakaruka njiani," Winifrida akasema, akafungua mlango wa mbele, akapanda, akasogea karibu na dereva ili Felisian naye apate nafasi ya kukaa.