Ngozi Iliyopaswa Kuzikwa

Kava ilikuwa na joto. Abdulmalik aliigusa saa mbili asubuhi, kibandani kwake hapo Wote, kabla jua halijafika mezani, akaikuta vuguvugu kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Akajiambia ni joto la viganja vyake mwenyewe. Alikuwa hodari sana wa kujiambia mambo.

Kazi yake ilikuwa viti vya magari na kava za usukani, na tuseme ukweli, mjini kote hapakuwa na mwingine wa kumfikia. Alishona kwa mkono, uzi mmoja uliopakwa nta tangu mwanzo hadi mwisho, na fundo la mwisho alilificha ndani ya mshono hivi kwamba hata fundi mwenzake asingelipata. Fundo hilo alijivunia kuliko nyumba yake.

Ila ngozi hii haikuwa yake kuikata. Salama, mkewe, ambaye kwao vilima vya Mbooni bado wanamwita Nduku, aliteswa na jini miaka miwili. Kila siku saa saba mchana alishikwa. Chumba kilijaa harufu ya udi ambao hakuna aliyeuchoma, na kinywani mwake ikatoka sauti nzito ya mwanamume wa pwani. Salama Kiswahili chake ni cha kwetu huku, cha kuombea chumvi kwa jirani, lakini jini yule hakukosea ngeli hata moja. Mimba mbili zilitoka. Ndipo Maalim Haroun alipokuja kutoka Kitui, akamhamishia jini ndani ya mbuzi mweusi, akamchinja uani na kumwambia Abdulmalik maneno machache.

"Mzike mzima. Asiliwe wala asichunwe. Huyu sasa ni nyumba ya mtu."

Abdulmalik alimsukuma mbuzi kwa mkokoteni hadi ukingo wa mto mkavu nje ya mji, peke yake, na huko ndiko alikoitazama ngozi vizuri. Nyeusi, laini, haina doa wala kovu la mwiba. Hakuwa na njaa, hakuwa na shida yoyote. Vidole vyake tu viliitaka. Akamchuna mbuzi, akafukia nyama na mifupa, na ngozi akairudisha nyumbani chini ya gunia. Akaitia chumvi, akailainisha kwa magome ya mgunga, akaificha stoo akingoja kazi inayostahili ngozi kama ile.

Salama alipona. Akashika mimba, na mimba ikakaa. Ilipofika mwezi wa saba, Abdulmalik akaona ni wakati wa kumshukuru Kiema, kaka yake Salama, mwenye gari dogo jeupe la kuleta maparachichi sokoni kutoka Mbooni. Miaka ile yote miwili Kiema alimbeba dada yake kwenda Kitui kutafuta tiba na kurudi, na hakununa hata siku moja. Basi ile ngozi ikawa kava ya usukani wa Kiema. Kipande kilichobaki, kidogo kama kiganja, Abdulmalik akakishona viatu viwili vya mtoto aliye tumboni. Salama alivipenda mno. Jioni aliviingiza vidole viwili, akavitembeza juu ya tumbo lake huku akicheka, na Abdulmalik akafurahi kama mtu asiye na kosa lolote.

Siku ya kufunga kava, Kiema alikaa pembeni akila muwa. Kava mpya kwa kawaida hukataa usukani. Unailowesha kidogo, unaivuta, unagombana nayo. Hii iliingia yenyewe. Abdulmalik alipopitisha sindano tundu kwa tundu, uzi ulikazika kabla hajauvuta.

"Shemeji, hapa umenimaliza," Kiema alisema akiujaribu usukani. "Imeshika kama mkono wa mtu."

"Ni ngozi nzuri tu," akajibu Abdulmalik, bila kumtazama.

Kesho yake saa saba mchana gari lile lilisimama mbele ya lango lao. Kiema alishuka akijikuna kichwa.

"Nilikuwa naenda soko," alisema. "Sijui nimefika hapa aje."

Salama akamtania kwamba ni njaa iliyomleta, akampakulia isyo, mahindi na maharagwe. Siku ya pili akaja tena, saa ile ile. Siku ya tatu alikuwa na mzigo wa kupeleka Sultan Hamud, ameshatoka mjini kabisa, na bado saa saba ikamkuta langoni, maparachichi yote yakiwa nyuma. Safari hii hakutaka chakula. Abdulmalik alipoinama dirishani ili amsalimie, harufu ya udi ikampiga usoni.

Alijua papo hapo. Angesema siku ile, mambo yangekuwa mengine. Lakini angemwambiaje mkewe kwamba mateso yake ya miaka miwili aliyafanya kava? Aibu ilimziba kinywa. Siku nne mfululizo, Kiema akijilaza kivulini, Abdulmalik aliingia garini kimya kimya kutafuta fundo. Hakuliona. Wembe aliouweka kwenye mshono uliteleza tu, na ngozi chini ya kidole gumba chake ilikuwa ikipanda na kushuka polepole.

Siku ya nane honi ililia, ikalia, haikunyamaza. Abdulmalik alitoka mbio akamkuta Kiema amekaa wima nyuma ya usukani, machozi yakimtiririka, mikono yote miwili imeshikamana na ile kava.

"Haitoki," Kiema alinong'ona. "Shemeji, mikono haitoki. Kutoka kona za Mbooni si mimi naendesha."

Abdulmalik akamshika viganja avibandue, na akahisi chini yake joto la mnyama aliye hai, na mapigo, na pumzi iliyokuwa ikiongezeka kasi kadiri dakika zilivyosogea, na nyuma yake akasikia mlango wa nyumba ukifunguka, kandambili za Salama zikiburuzika uani, na sauti yake, sauti yake mwenyewe ya kawaida, ikiuliza taratibu kama mtu aliyetoka usingizini, "Ni nani ananiita?"

Alimkimbilia, akamrudisha ndani na kufunga mlango. Akakaa na ufunguo mkononi mpaka saa nane ilipogonga na mikono ya Kiema ikalegea yenyewe. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, safu mbili zilizonyooka kama mshono.

Ndipo alipomwambia Kiema habari ya ngozi. Kiema hakumpiga. Ingekuwa afadhali angempiga.

"Nduku hatajua," alisema. "Ana mtoto tumboni, hatajua. Lakini nikisikia umenificha kitu kingine hata kidogo, mimi na wewe tumemalizana."

Maalim Haroun, aliyeitwa usiku ule ule, alifika kesho yake saa tano asubuhi. Hakukemea. Alimwangalia Abdulmalik kama mtu anavyoangalia sufuria iliyotoboka, akasema: "Ilipokuwa stoo ilikuwa imelala. Wewe ukaishona, ukampa jini umbo. Sasa atakayeifumua ni wewe uliyeishona."

Maalim akasoma, mkono wake juu ya paa la gari. Abdulmalik alipapasa mshono, na mara hii fundo likajitokeza chini ya ukucha kana kwamba lilikuwa pale siku zote. Akalikata. Uzi ukatoka tundu kwa tundu, na kila tundu lilipofunguka ilisikika pumzi fupi, mpaka kava ikaanguka mapajani mwake, nzito kuliko ngozi. Wakaiweka ndani ya ndoo ya chumvi, wakaenda nayo ukingoni mwa mto, wakafukua mifupa ya mbuzi. Jua lilikuwa kali, upepo hakuna.

Kabla ya kuifukia, Maalim akamshika Abdulmalik bega.

"Ni ngozi yote? Fikiri kwanza. Kikibaki kipande hata cha ukubwa wa ukucha, kazi hii ni mbaya kuliko bure. Jini atajikusanya mzima humo."

Viatu vilimjia pale pale, viwili, vyeusi, chini ya mto wa kulalia wa Salama. Akamtazama Kiema, aliyesimama na sepetu katika mikono iliyofungwa vitambaa, akimkazia macho. Akihesabu haraka haraka kichwani, aliona anaweza kufika nyumbani mapema, avitoe kimyakimya, avichome nyuma ya choo, aje avizike mwenyewe, na asijue mtu. Ilikuwa saa saba kasoro robo.

"Ni yote, Maalim."

Wakafukia. Maalim akamwaga maji, akasoma mara ya mwisho, na ile pumzi ndani ya ndoo ikanyamaza. Kiema alilia kwa nafuu, akamkumbatia shemeji yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Abdulmalik akasema lazima amwangalie mkewe, akaanza kutembea, kisha akakimbia, akapita vibanda vya soko na watu waliomsalimia bila kuwajibu, akikimbia na lile jasho la mtu anayejua saa bila kuiangalia, adhana ya adhuhuri ikiwa imeshakwisha, akiona lango liko wazi ilhali alilifunga, na uani kuku wote wamejikunja chini ya tangi wasitoe sauti, na kutoka mlangoni, polepole, kama kitu kisicho na haraka kwa sababu kimeshafika, harufu ya udi.

Salama alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa ya kwake. Vidole vyake viwili vilivaa vile viatu vidogo, vikitembea juu ya tumbo, hatua moja baada ya nyingine, vikizunguka kitovu kama mpangaji anayekagua chumba.

"Karibu, fundi," ikasema ile sauti ya pwani, kwa upole. "Gari lile lilinichosha, nikisimamishwa langoni kila siku. Safari hii nimekuja kwa miguu."

Abdulmalik alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa mkewe. Viatu havikutoka. Akatoa wembe mfukoni, akainama karibu kabisa, akaanza kutafuta fundo.