Sauti ndani ya Pipa la Saba

Jua lilikuwa linazama nyuma ya paa lenye theluji Chizuru Nagumo alipobeba mtungi na mshumaa kwenda chumba cha nyuma kuchota sake yake, pombe ya mchele. Kazi ya dakika tano. Wapishi wote wa pombe walikuwa bafuni, wakijiosha kabla ya shindano la kuonja. Vicheko vyao vilimfuata hadi uani.

Wacheke tu.

Siku tatu alikuwa amelala na homa. Siku tatu alimwomba baba yake mdogo, Hidenori, rojo lake la mchele likorogwe asubuhi na jioni lisije likaharibika. Jibu lilikuwa lile lile.

"Mwambieni Dada Msomi, pombe haikorogwi kwa hoja. Aje aihutubie."

Kiwanda kilikuwa cha baba yake, na baba alikuwa hajiwezi kitandani. Lakini mwanamke akiingia chumba cha kupikia, walisema, mungu wa kike wa sake huona wivu, pombe ikageuka siki. Ajabu ya mungu huyo! Hakuwahi kuona wivu wanawake wakifagia ua, wakiwapikia wanaume wali, wakiwamiminia wageni vikombe huku wakitabasamu. Wivu wake ulianzia pale pale penye heshima.

Chizuru alibishana majira yote ya baridi, hadi Mzee Tokuzo, fundi mkuu, akachoka. Akampa pipa la saba, la mwerezi, lililokaa chumba cha nyuma bila kazi tangu miaka ya vita. Kikombe chake kikishinda jioni hii, chumba cha kupikia ni chake. Kikishindwa, chumba kinakwenda kwa mtoto wa Hidenori, na Chizuru asikanyage tena humo.

Alisukuma mlango akitarajia harufu ya siki.

Akapokewa na harufu ya mapeasi. Tamu, mbichi, kama yamekatwa sasa hivi.

Fimbo ndefu ya kukorogea ilikuwa imeegemea ukuta. Akaigusa.

Ilikuwa inachuruzika rojo.

Ndipo akausikia wimbo. Ule wimbo ambao wapishi huhesabia muda wa kukoroga, beti kwa beti... Lakini wapishi walikuwa bafuni. Na sauti hii ilikuwa ya mwanamke.

Ilitoka ndani ya pipa.

Alipanda ngazi iliyoegemea pipa. Mazoea ya utotoni yakamwongoza mkono: kabla ya kuinamia pipa, teremsha mshumaa kwa kamba, maana sake inayochachuka hutoa hewa inayoua kwa pumzi mbili. Mwali ukashuka kiasi cha dhiraa moja... ukazimika.

Hakuna kiumbe awezaye kupumua humo.

Wimbo ukaendelea.

"Nani?" alinong'ona.

"Ulikuwa mgonjwa," sauti ikasema. "Nimekukorogea."

"Wewe ni nani?"

"Wanaume walipokwenda vitani, unadhani aliipika nani? Waliporudi wakaniambia, asante, sasa toka." Rojo likatoa povu, taratibu. "Na wewe watakutoa?"

Hasira hasara, lakini Chizuru alikuwa na hasira ya majira mazima.

"Hawanitoi! Nitabaki humu humu."

"Utabaki?"

"Nimeshasema nitabaki."

Mtungi ukawa mzito mkononi mwake. Ulikuwa umejaa.

Hakukumbuka alivyoshuka ngazi.

Ukumbini vikombe vyeupe vilipangwa bila majina, duara za buluu zilizochorwa ndani yake zikitazama juu kama macho. Wanaume wakaonja, wakatema ndooni, kama ilivyo desturi. Hidenori akanyanyua cha nne.

"Hiki ndicho! Hapa kuna mkono wa mwanamume, si siki ya mtu fulani."

Kilikuwa cha Chizuru.

Mzee Tokuzo alikionja pia. Hakutema. Alimeza, na machozi yakamshuka.

"Ladha hii niliionja mara moja tu, nikiwa na miaka sita," alisema. "Kiyono."

"Kiyono ndiye nani, mzee?" Chizuru aliuliza.

"Alipika peke yake miaka ya vita. Baba yangu aliporudi akamfukuza. Asubuhi tukamkuta amekufa ndani ya pipa la saba. Habari za wivu wa mungu zilianza hapo, mwanangu. Ilikuwa lazima tuseme kitu."

Kumbe! Majira yote yale alikuwa akibishana na uongo.

"Basi sikuikoroga mimi," Chizuru alisema. "Ni yeye. Mtajeni kwa jina lake, mbele ya wote!"

"Umeshinda, bado unabishana?" Hidenori alifoka. "Hebu nyamaza."

"Chumba ni chako, binti," Tokuzo alisema haraka. "Hakuna atakayekutoa tena humo. Kamwe."

Kutoka upande wa pili wa ua, kwenye chumba cha pipa la saba, wimbo ukaanza.

Hidenori akahesabu vichwa kwa kidole. Wote walikuwa ukumbini.

Zilikuwa sauti mbili. Ya kwanza ilimfanya Tokuzo aangushe kikombe. Ya pili Chizuru aliitambua kabla ya wote.

Ilikuwa yake.

Akajigusa midomo. Ilikuwa imefumbwa.