Kiti cha Khawla

Kila Alkhamisi asubuhi gari la maji ya kunywa lilipita mtaani kwao, Hail. Madumu makubwa yaliachwa mlangoni, yale ya kugeuzwa juu ya mashine ya maji baridi. Dumu likijaa lina uzito wa mtoto wa kuanza skuli. Kazi ya kuyaingiza ndani ilikuwa ya Osama.

Osama ana miaka ishirini, ana kifua kipana, na ana simu. Asubuhi hiyo alijilaza kwenye kochi, vidole vinacheza.

"Osama, maji yamekwisha," alisema dada yake, Khawla.

"Nakuja."

"Nna haraka mie, nachelewa kazini."

"Nshakwambia nakuja, dada. Dakika mbili tu."

Dakika mbili za Osama zinajulikana nyumba nzima. Khawla akachoka kusubiri, akatoka mwenyewe. Akainama bila kukunja magoti. Akalishika dumu mbali na mwili, akaliinua, na hapo hapo akajipinda kuuelekea mlango. Akasikia kama kitu kimechomoka kiunoni. Dumu likaanguka, maji yakamwagika barazani, na yeye akabaki kajikunja vile vile.

Ndipo Osama alipoweka simu chini. Ahsante sana, Osama!

Khawla ana miaka ishirini na minne. Anafundisha watoto wadogo kwenye skuli ya Ghubra, na hajapata kuumwa zaidi ya mafua. Mama yake, Bi Sayyida, alimkuta kitandani anauma mto.

"Mgongo? Mgongo wako wewe?" alishangaa. "Hayo si maradhi yetu sisi watu wazima?"

Hebu niambieni, nani kasema mgongo una umri? Kijana akiumwa na jino hakuna anayemuuliza miaka yake. Akiumwa na mgongo, ghafla anaonekana mvivu, au muongo!

Bi Sayyida si mama mbaya. Alifiwa na mume mapema, akawalea watoto wake peke yake. Ila alikuwa na hofu moja. Bi Jawaher wa Mabela alikuwa anakuja kumposa Khawla kwa ajili ya mwanawe, Safwan. Khawla alimjua Safwan na alimpenda.

"Asijue mtu," alisema Bi Sayyida kwa sauti ya chini. "Wakisikia una mgongo watasema huwezi kuzaa. Hata hapo jirani kwa Shatha usiseme. Na hospitali usende, utaonana na watu."

"Mama, nnaumwa!"

"Lala. Dawa ya mgongo ni kulala."

Basi akalala. Kazini alisema ana homa. Alilala mchana na usiku, na kila alipotaka kugeuka mwili ulikuwa mgumu zaidi. Mama yake akamkanda kwa mafuta, kwa nguvu, mpaka akapiga ukelele. Kisha Bi Sayyida akataja habari ya kupigwa chuma cha moto kiunoni, kama walivyofanyiwa watu wa zamani.

"Chuma sipigwi!" alisema Khawla. "Niacheni na maumivu yangu."

Siku ya wageni ikafika. Bi Jawaher alikuja na dada yake, Bi Fajr, na wanawake wengine wa ukoo. Wote walikaa chini kwenye zulia la majlisi, chumba cha wageni, wameegemea mito. Halua ilikuwa katikati, na tende. Na desturi inajulikana: kahawa humiminwa na kijana. Khawla alishika dele la kahawa kwa mkono mmoja na finjani kwa mwingine. Akainama mbele ya mgeni wa kwanza. Akainama mbele ya wa pili. Finjani ikirudi, anajaza tena, anainama tena.

"Mashaallah, mtoto ana adabu," alisema Bi Fajr.

Adabu! Mtoto jasho linamtoka chini ya mtandio, meno kayauma, na watu wanasifu adabu! Mama yake alikuwa anaona yote. Alitazama pembeni.

Wageni walipoondoka, Khawla alikaa chini kidogo apumzike. Hakuweza kuinuka tena. Mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi mpaka kwenye unyayo.

"Mwiteni Shatha," alisema huku analia.

"Subiri kwanza, mwanangu, labda..."

Osama hakungoja labda. Alitoka mbio bila viatu.

Shatha ni jirani yao. Anafanya kazi kituo cha afya, anafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Ana ulimi mkali na mikono mipole. Alipiga magoti kwenye zulia, akamtoa Osama nje, akauliza maswali ambayo watu huona haya kuyajibu.

"Haja ndogo unaweza kuizuia? Inatoka kama kawaida? Na haja kubwa?"

"Ndiyo."

"Huku mapajani kwa ndani na sehemu za siri, ukigusa unahisi?"

Khawla alifunika uso. "Nahisi."

"Usione haya. Ungesema huhisi, au haja imekupotea, au miguu imelegea, sasa hivi tungekuwa kwenye gari tunakimbilia hospitali. Hapo mishipa ya fahamu inakuwa imebanwa. Ukichelewa unaweza kubaki hivyo maisha yako yote. Hata mtu aliyeanguka vibaya, au mwenye homa pamoja na maumivu ya mgongo, asikae nyumbani. Wewe kwa ganzi hii utamwona daktari kesho asubuhi. Ikizidi usiku, usingoje kuche." Kisha akageuka. "Bi Sayyida, kaumia lini huyu?"

Bi Sayyida akamwambia yote, mpaka habari ya kahawa ya wageni. Shatha akasimama.

"Muda wote huo! Mtu akivunjika mkono mnamfunga bandeji, na mtaa mzima unakuja na matunda. Huyu, kwa kuwa maumivu yake hayaonekani, mmemficha kama mwizi, kisha mkamwinamisha na dele!"

"Watasema hazai," alisema Bi Sayyida, na machozi yakamtoka. "Nilikuwa namlinda mwanangu."

"Kaumia kiuno, mama. Kizazi hakikuguswa. Nani aliyekwambia hatozaa?"

"Watu," alisema Bi Sayyida, akijifuta machozi.

Asubuhi daktari alimpima Khawla nguvu za miguu, akamgusa nyayo, akampa dawa za maumivu. Picha ya mgongo hakuihitaji siku hiyo. "Ganzi isipopungua, au mguu ukipoteza nguvu, rudi mara moja," alisema, kisha akampeleka kwa Shatha. Na Shatha alianza kwa kumnyang'anya kitanda.

"Kulala siku nyingi kunadhoofisha nyama za mgongo," alisema. "Maumivu ya kiuno mengi hupoa mtu akiwa anatembea. Tembea kidogo kidogo, nyumbani, kisha nje. Usikae mkao mmoja muda mrefu. Kwa sasa usikae chini, kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu ikanyage sakafu."

"Na kukandwa?"

"Kwa nguvu vile, hapana. Na chuma cha moto kinakuachia kidonda tu."

Alimfundisha pia kuinua mzigo, mara hii na Osama akiwepo. "Simama karibu nao. Panua miguu, kunja magoti, ukumbatie mzigo, uinuke kwa nguvu za mapaja. Ukitaka kugeuka, geuka na miguu, usijipinde kiuno. Mzigo ukikushinda, mwite mwenzio." Alimkazia macho Osama. "Na mwenzio aje akiitwa."

Osama aliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo madumu hayakukaa mlangoni.

Khawla hakupona kwa siku moja. Zilikuwepo asubuhi alizolia kwa hasira, kwamba kijana mzima anavaa soksi kwa shida. Lakini ganzi ilipungua. Alianza kutembea mpaka msikitini na kurudi, halafu mpaka ufukweni, Shatha pembeni yake akimchokoza: "Haya bibi harusi, vuta mguu!" Akarudi kazini. Watoto wa darasa lake aliwakumbatia akiwa amepiga magoti, hakuwabeba.

Kisha Bi Jawaher akatuma salamu. Wanakuja tena, kutaka jibu.

"Siku hii moja tu, kaa chini," alisihi Bi Sayyida. "Moja tu, mwanangu."

Wageni walipokaa kwenye zulia, Khawla aliingia majlisi akiburura kiti cha mezani. Akakiweka karibu na mlango, akakaa, mgongo umeegemea.

Bi Fajr aliweka tende chini.

"Loh! Siku hizi watoto wanakaa juu ya wazee wao?"

Safwan angeweza kupotea hapo hapo, kwa ajili ya kiti. Lakini Khawla alikuwa kachoka kuficha.

"Si kiburi, Bi Fajr," alisema. "Niliumia mgongo. Mlipokuja mara ya kwanza nlikuwa naumwa, na niliwamiminia kahawa hivyo hivyo. Mlipotoka sikuweza kuinuka. Leo sitoinama. Mkinitaka, nichukueni pamoja na mgongo wangu huu."

"Mgongo! Sasa huyu atazaa kweli?" aliuliza Bi Fajr.

Khawla alifungua mdomo, lakini mtu mwingine alitangulia.

"Atazaa, Mungu akijaalia, kama wanavyozaa wenzake." Alikuwa Bi Sayyida. Alikuwa amesimama, na dele lilikuwa mkononi mwake. "Mwanangu hana kosa. Kosa ni langu, niliyemficha asitibiwe kwa kuogopa midomo ya watu. Kahawa leo namimina mimi. Anayeona aibu, mlango uko wazi."

Hakutoka mtu. Bi Jawaher alikuwa anahangaika kuunyoosha mguu wake chini ya abaya, uso umekunjamana.

"Sayyida," alisema, "unacho kiti kingine?"

"Kipo."

"Basi nipe. Tangu mara ile nakaa hapa chini kiuno kinanikata, naona haya kusema."

Osama aliitwa. Alikuja mara ile ile, kiti kifuani, magoti kayakunja kama alivyofundishwa.

Siku ya pili Bi Jawaher alipiga simu. Posa yao ilikuwa pale pale, na wangependa harusi iwe karibu.

"Mwambie asubiri, mama," alisema Khawla. "Kwanza nipone. Na nyumba nitakayokwenda nataka iwe na kiti."

Bi Sayyida alifikisha maneno hayo kwa wasiwasi. Kule upande wa pili Bi Jawaher alicheka.

"Mwambie tutasubiri," alisema. "Na viti vipo viwili. Kimoja changu."