Damu Ndiyo Hubeba Joto

Nanyama na mumewe, Jairus, walikuwa wakulima wa mahindi karibu na mji mdogo wa Kwanza. Julai ya mwaka 2004 walipata mtoto wa kwanza, msichana mdogo sana. Phelista, mama yake Jairus, alimwosha mara tu alipozaliwa, akamlaza peke yake kitandani. Kesho yake mtoto alifariki. Hakuna aliyejua sababu.

Miaka miwili baadaye, Nanyama alishikwa na uchungu kabla ya miezi kutimia. Mvua ilinyesha na gari halikupatikana. Jairus alikimbia kumwita jirani yao Rahab, mhudumu wa afya wa kijiji. Walipofika, mvulana alikuwa amezaliwa. Phelista alikuwa anamimina maji kwenye beseni.

"Ngoja kwanza, Mama Jairus," Rahab alisema. "Leo asioshwe."

"Ati abaki na uchafu?"

"Tumpanguse tu akauke. Hebu shika miguu yake."

"Iko baridi."

"Na tumbo?"

"Tumbo iko na joto kidogo."

Rahab alimkausha mtoto akieleza. "Damu ndiyo hubeba joto. Moyo unaisukuma kwenye mishipa, inazunguka mwili wote, inarudi. Ukisikia joto, damu nyingi inakuja kwenye ngozi, na joto linatoka nje. Ukisikia baridi, mishipa ya ngozi inajibana. Damu inabaki ndani, kulinda moyo na ubongo. Ndiyo maana miguu inapoa kwanza. Lakini huyu hana mafuta mwilini. Joto lake linaisha haraka, na maji yanalimaliza."

Alimvalisha kofia, akamlaza kifuani mwa Nanyama, ngozi kwa ngozi, akawafunika na blanketi. "Mpe titi. Gari likipatikana, tutampeleka hospitali akiwa hapo hapo."

Phelista hakuondoka kwenye beseni.

"Yule wa kwanza nilimwosha," alisema. "Mara mbili."

Nanyama aligeukia ukuta, akalia bila sauti.

"Hukujua, mama," Rahab alisema.

"Lakini nilimwosha."

Walikaa hospitalini Kitale wiki tatu. Nanyama alipochoka, Phelista alifungua blauzi yake, akambeba mtoto kifuani. Alikaa hivyo saa nyingi. Kila mara alishika miguu ya mtoto. Ilikuwa na joto.

Siku ya kuruhusiwa, nesi alimpima mtoto, akatabasamu.

"Ameongezeka vizuri. Ni mjukuu wako wa kwanza, mama?"

"Ni wa pili," Phelista alijibu, akamfunika mtoto.