Shukriya Alipewa London

Kitendawili! Semeni "tega", msinitazame tu. Nna mgeni nyumbani, mdomo hana, lakini ukimnyima chakula majirani wote watamsikia. Nani huyo? Fikirini. Mkishindwa mtanipa mji, kama ilivyo ada, lakini angalieni mji mnaoutoa. Yuko kijana alishindwa na hichi hichi, akatoa mji, na mji wenyewe nusura umvunjie nyumba.

Kijana huyo Mahrous, fundi wa umeme wa Nizwa, upande wa Maskati, watu wao walirudi kutoka Tabora. Jumatano moja ya mwaka wa themanini na saba aliletwa mji wa Ibra kwa kazi, akaimaliza mapema, akaingia sokoni kutafuta chai. Hakujua kuwa Jumatano soko lile ni la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, mwanamme hakanyagi. Mara kajikuta baina ya udi, hina na marobota ya vitambaa, dishdasha yake nyeupe pepepe, kofia imemkaa upande, na macho yote yako juu yake.

"Ghalia, hebu mtazame jogoo huyu," msichana mmoja alimwambia shoga yake kwa Kiswahili, akidhani kajificha humo. "Kapotea banda!"

"Jogoo hajapotea, dada," Mahrous alijibu kwa Kiswahili vilevile. "Anatafuta chai tu."

Msichana alivuta mtandio wa kijani akajiziba mdomo, lakini macho yalikuwa yanacheka. Huyo ndiye Shukriya, mwalimu wa skuli ya Ibra, watu wao wa Unguja mjini. Siku hiyo alivaa gauni rangi ya komamanga, na harufu ya asumini ilimtangulia.

"Wa wapi wewe?"

"Nizwa. Lakini nimezaliwa Tabora."

"Aa, mtu wa Bara! Ndiyo maana huogopi. Basi kuingia kwetu kuna faini. Kitendawili!"

"Tega."

Akamtega hicho cha mgeni asiye na mdomo. Mahrous akasema redio. Akasema mtoto mchanga.

"Mtoto mchanga mdomo hana?" Ghalia alimkemea, na soko zima likacheka.

"Umeshindwa," alisema Shukriya. "Nipe mji."

"Chukua Nizwa."

"Nizwa naijua. Nipe mji wa maana, bwana!"

"Basi chukua London."

"Nimeuchukua! Na jibu sikupi mpaka niuone."

Vigelegele vikapigwa. Kwa Shukriya ulikuwa mchezo uliokwisha. Mahrous alirudi nao Nizwa rohoni kama amana.

Juma la pili simu ya skuli ikalia. "Namtaka mwalimu Shukriya. Mwambie aliyempa London." Juma la tatu tena. Mwezi wa tatu wazee wa Mahrous wakaja kuposa. Baba wa Shukriya alikuwa ameridhia, lakini mama yake, Bi Wadha, alisema kwa sauti mbele ya wageni, kahawa ingali mikononi mwao:

"Mtu wa Bara! Atamlaza mwanangu na njaa huyu."

Mahrous aliinamisha kichwa. Moyoni alikula kiapo.

Wakaoana skuli zilipofungwa. Mahrous akauza gari yake, Datsun ya kijivu aliyoipenda kama ndugu, akakata tikiti mbili za London. Kumwambia mkewe kwamba tikiti zimekula karibu kila kitu, hakuthubutu.

Walipanga chumba cha juu kabisa, ngazi tisini, maji ya moto hayatoki mpaka utie sarafu kwenye kisanduku. Siku ya kwanza walikula vizuri. Asubuhi ya Jumatatu Shukriya alimkatia mumewe mkate.

"Kula wewe, habibti. Mimi leo nimefunga. Sunna."

"Mungu akutakabalie." Jumatatu ni siku ya sunna, nani atapinga?

Jumanne kafunga tena. "Nalipa kadha, deni la Ramadhani." Jumatano, kadha. Na jua la London mwezi wa nane halitaki kutua. Mtu anangoja magharibi mpaka saa mbili na nusu za usiku, kisha anafuturu kwa tende tatu na kipande cha mkate, anasema kashiba.

Shukriya alijitazama kwenye kioo. Hina ya harusi haijafutika mikononi. Mume gani huyu, harusi haijatimia hata juma mbili, anafunga kutwa? Hashikiki mkono, hakai naye mezani. Aliona jambo moja tu: mume hamtaki, na haya zinamzuia kusema.

Jumatano hiyo jioni aliingia kwenye kibanda chekundu cha simu. Mahrous alisimama nje na koti la mkewe mkononi.

"Alo! Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Mimi nimekula. Yeye ndiye hali. Siku ya tatu leo kafunga, mama. Ananikimbia."

"Kafunga? Bwana harusi? Astaghfirullah! Si nilisema mimi? Sikiliza, nakuja na kaka yako Azzan uwanja wa ndege kukupokea. Utarudi kwako Ibra, basi, khalas!"

Sarafu zikaisha, simu ikakatika. Kibanda kile kilikuwa na kioo kimoja kilichovunjika, na Mahrous alisikia kila neno, hata ya mama mkwe, kwa alivyopaza sauti. Wakatembea mpaka mwisho wa njia.

"Shukriya," alisema, "tukifika Bidbid, pale njia zinapogawana, utashika ipi? Ya Ibra au ya Nizwa?"

 Shukriya alichukua koti lake akalivaa mwenyewe.

Alkhamisi walipanda basi la ghorofa, juu, viti vya mbele. Kila mtu katazama upande wake. Basi lilipovuka daraja, tumbo la Mahrous likanguruma. Likanguruma tena, refu, kama lori linalopanda mlima. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa nyuma yao akageuka, akatoa biskuti mkobani akampa. Mahrous akatikisa kichwa kwa adabu.

"Amefunga," Shukriya alimwambia kwa Kiingereza. Kisha akamgeukia mumewe. "Hebu niambie. Ramadhani hii ulifunga siku ngapi?"

"Zote!" Mahrous alijibu kwa fahari. "Alhamdulillahi, haikunipita hata moja. Wala ya mwaka jana."

"Basi kadha ya nini?"

Mahrous aligeukia kioo cha basi.

"Mahrous. Kadha ya nini?"

"Funga ni ya kweli," alisema polepole. "Nilichoficha ni sababu. Pesa zilizobaki zinamlisha mtu mmoja, Shukriya. Mama yako alisema utalala na njaa kwangu. Niliapa hutolala nayo hata siku moja."

Shukriya alimtazama mashavu yalivyoingia ndani. Machozi yakamtoka, na kicheko nacho kikamtoka palepale.

"Mjinga wee! Na mimi nikidhani hunitaki!"

"Nisikutake? Nimeuza Datsun!"

"Basi lijibu lile fumbo langu la sokoni, maana mgeni wako anawapigia kelele Wazungu."

Mahrous alijishika tumboni. "Tumbo," alisema, na wakacheka mpaka yule bibi naye akacheka, asijue kinachochekwa.

"Sasa fungua," Shukriya aliamuru, akamtia biskuti mdomoni kwa mkono wake wenye hina. "Funga ya sunna ni yako kuifungua. Na kuanzia leo kiongozi wa safari ni mimi."

Na aliongoza kweli! Mkate mkubwa, mayai ya kuchemsha, jodari wa kopo, tende alizotiliwa na mama yake, na chupa ya kahawa. Wakatandika kanga kwenye majani ya bustani, wakala kama masultani. Majumba ya makumbusho yasiyolipisha waliyamaliza yote. Wakaenda kuwatazama bure askari wenye kofia za manyoya, madaraja wakayavuka kwa miguu, mkono kwa mkono. Siku moja walikutana na mtu na mkewe kutoka Maskati, wamefikia hoteli kubwa.

"Nyinyi mmeona wapi na wapi?" yule mke aliuliza.

Shukriya akahesabu mpaka vidole vikamwishia. Yule mke akamgeukia mumewe: "Unasikia? Sisi tumeona lifti tu!"

"Na jibu langu la Bidbid?" Mahrous aliuliza siku ya mwisho.

"Bidbid hatujafika, mpenzi."

Uwanjani Seeb joto liliwapokea mlangoni, na Azzan, kaka yake Shukriya, yuko na pikapu. Bi Wadha kakaa mbele, uso kaukunja. Hawakufika mbali akageuka nyuma.

"Umekonda, mwanangu?"

"Nimenenepa, mama. Mtazame yeye."

Bi Wadha akamtazama mkwewe. Kola ya dishdasha ilikuwa imemlegea shingoni.

"Ulisema atanilaza na njaa," alisema Shukriya. "Kalala nayo yeye, ili mimi nile. Siku nne, mama, na hakutamka."

Bi Wadha aligeuka akatazama njia. Akavuta ukingo wa buibui lake. Pikapu ikapunguza mwendo. Bidbid imefika, kushoto Ibra, moja kwa moja Nizwa. Azzan akasimamisha gari pembeni.

"Nikate wapi, mama?"

"Muulize mwenye safari," alisema Bi Wadha.

Mahrous alikuwa anatazama magoti yake. Shukriya akaushika mkono wake mbele ya mama na kaka, wazi, bila ya kuuficha.

"Nizwa," alisema. "Nipelekeni kwangu."