Mifuko Arobaini Chumbani kwa Wema

Wenzangu wa Katoro, mnakumbuka asubuhi zetu zilivyokuwa. Generosa akikaanga maandazi mbele ya duka la mumewe, Mabula, wachimbaji wakinunua kabla ya kushuka kwenye mashimo ya maduara kutafuta dhahabu, nami nikichovya langu kwenye chai, maana meno yangu yamebaki mawili na hayaelewani. Wema, binti yao wa miaka saba, ndiye aliyenichagulia kubwa.

Kisha redio ikasema ngano ya kutoka nje inachelewa. Unga ukapanda bei. Mabula akafunga stoo, akatuambia umekwisha. Uongo! Mifuko arobaini aliihamishia nyumbani, chumbani kwa Wema, akaziba dirisha kwa nailoni tusichungulie.

Andazi likapungua hadi nikawa nalimeza bila kutafuna.

"Mabula, unga umekwenda wapi?"

"Bibi, muulize dola, ndiye aliyepandisha bei."

"Huyo Dola mtoto wa nani? Hajawahi kuniamkia."

Akacheka. Nami nikacheka naye, mjinga mimi.

Watoto wakaenda shule na chai kavu. Mabula akangoja bei ipande zaidi. Wiki ya sita, wadudu wakaingia kwenye unga. Akafanya kama baba yake alivyofanyia mtama kule kijijini: akapachika vidonge vya kuua wadudu katikati ya mifuko. Ila kihenge cha baba yake kilikuwa nje uani, tena hakikuwa na kitanda cha mtoto ndani.

"Baba Wema," Generosa akamwambia, "mtoto anasema chumbani kunanuka kitunguu saumu."

"Atazoea. Tukiuza, nitamnunulia godoro jipya."

Kesho yake asubuhi walimkuta Wema ametapika, hawezi kusimama. Ile harufu ilikuwa hewa ya sumu ya vidonge. Hospitali walimfikisha, saa sita mchana akafa.

Tukiwa bado msibani, ngano ya nje ikafika, bei ikashuka. Unga wa Mabula hakuna aliyeutaka, ukafukiwa. Mtoto kaburi lake, unga shimo lake. Generosa hakaangi tena.

FUNZO

Mfanyabiashara ale faida, sikatai; hata mimi nimeuza karanga. Lakini chakula ni cha kuuzwa, si cha kufichwa watu washinde na njaa. Na vidonge vya nafaka visilale chumba kimoja na mtu, hata siku moja.

Nanyi majirani, mkimwona anayeficha, mkemeeni. Msicheke naye kama nilivyocheka mimi.