Mizani ya Bafuni

"Themanini na mbili," mume alisoma. "Jana themanini na moja. Umekula nini?"

"Nusu yai."

"Mizani haina ushemeji, mke wangu."

Mke alishuka. Miezi mitano sasa, kila asubuhi hupanda mizani ile amefumba macho kwa aibu, mume amesimama mlangoni. Hatoki bafuni kabla hajapimwa.

Na kazi ya mke huyu ilikuwa ukaguzi wa mizani za madukani.

"Dada mkaguzi," muuza nyama alimwambia saa nne, "umeandika kumi na tisa. Jiwe lako ni la kilo ishirini, na mshale uko ishirini. Unataka kunifungia bucha bure?"

Alitazama tena. Ishirini. Kosa la tatu wiki hiyo.

Alimwandikia mume: "Nimekosea tena kazini."

Jibu: "Mafuta yamepanda kichwani. Ukipungua, akili itarudi. Leo usile."

"Umekula lakini?" muuza nyama aliuliza.

"Napunguza mwili."

"Mwili upi? Sketi yenyewe umeibana kwa pini mbili!"

Alishika kiuno. Sketi inapwaya, mizani inapanda. Vipimo viwili vya mwili mmoja vikipingana, kimoja kina kasoro.

Jioni alibeba nyumbani jiwe lake la chuma la kilo ishirini. Kabla ya kuliweka juu ya mizani ya bafuni aliangalia mshale, kama afanyavyo kila duka, na kama asivyowahi kufanya kwake. Mizani tupu ilisoma sita. Aliweka jiwe. Ishirini na sita.

"Nani kakuruhusu kuigusa?" Mume alikuwa mlangoni.

"Umezungusha gurudumu la chini, la kuweka sifuri."

Mume alisogea akaziba mlango.

"Umelizungusha, hukulizungusha?"

"Nakupenda," alisema. "Ulipopandishwa cheo ukaanza kupendeza. Nikasema huyu akijiona mzuri, ataniacha."

"Kwa hiyo nife njaa? Nimeshindwa kusoma namba, nikaamini mimi ni mjinga."

"Nipe muda, mke wangu. Hata wenye maduka unawapa."

"Siku kumi na nne. Ni za aliyekosea bila kujua. Wewe ulijua."

Alitoa kibandiko chekundu mkobani, akakibandika juu ya kioo cha mizani: IMEKATALIWA. Kisha akapiga simu.

"Dada, kuna chakula?"

"Kipo. Kuna nini, mdogo wangu?"

"Nina njaa."

Aliinua jiwe. Mume bado alikuwa ameziba mlango.

"Nipishe," alisema, "hili ni zito. Na nimelipima."

Akapisha.